Namna ya Kuandika Riwaya ya Mapenzi ya Vijana Yenye Vichimbakazi na Muziki: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Waandishi wanaochipukia wanaopenda hadithi za vichimbakazi, yaani viumbe wa ngano wenye nguvu za uchawi, huuliza maswali yale yale kila mara. Je, inafaa kuandika kwa Kiswahili kuhusu vichimbakazi wa Ayalandi? Wapenzi wawe na umri gani? Muziki utaandikwaje ilhali msomaji hausikii? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia siku unayofungua daftari hadi siku unapompa mtu mwingine mswada wako ausome.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Katika riwaya ya aina hii muziki ndio unaobeba sheria za ulimwengu wa vichimbakazi, bei ya kuingia humo, na njia ya kutoka. Ikiwa unaweza kuufuta muziki wote katika mswada wako na kisa kikaendelea kusimama vilevile, basi kisa chako bado hakijapatikana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari mbili: moja ya kisa, nyingine ya sheria za vichimbakazi. Usizichanganye.
- Rekodi za muziki wa jadi wa Ayalandi, hasa za fidla, kinubi, konsatina (ala ndogo ya mvukuto yenye vitufe) na zumari za mfuko. Sikiliza kwa siku kadhaa kabla ya kuandika sentensi yoyote inayohusu muziki.
- Mtu anayepiga ala, ambaye atakuruhusu ukae karibu naye na kuitazama mikono yake. Ukiwa Unguja au Mombasa, mpiga fidla wa taarab atakufaa kabisa, kwa kuwa ala ni ile ile ingawa mahadhi ni mengine.
- Ramani ya mahali utakapoiweka hadithi, pamoja na kalenda.
- Visa vitatu au vinne vya jadi unavyovijua vizuri kiasi cha kuweza kuvisimulia bila kusoma.

Hatua za kazi

1. Chagua mahali halisi, kisha ubaki hapo.

Vichimbakazi wa jadi ya Ayalandi na Uskoti wana anwani. Wanaishi ndani ya vilima vinavyojulikana kwa majina, na katika ngome za kale za udongo zenye umbo la duara, ambazo Ayalandi ina makumi ya maelfu yake, nyingi zikiwa katikati ya mashamba ya watu. Mpaka leo wako wakulima wasiokubali kulima ndani ya duara hizo. Mwaka 1999 msimulizi Eddie Lenihan alipinga hadharani kukatwa kwa mti mmoja wa miiba huko Latoon, katika jimbo la Clare, akieleza kwamba ni mahali wanapokutania vichimbakazi, na barabara kuu iliyokuwa ikijengwa ikapangwa upya ili mti ule usalie. Kisa kama hicho kina nguvu kuliko msitu wowote wa kubuni wenye mwanga wa zambarau.

Kwa ajili ya mwongozo huu tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho. Mahali ni kijiji cha pwani katika jimbo la Clare, karibu na Doolin, eneo linalosifika kwa fidla na konsatina. Msichana anaitwa Róisín, ana miaka 18, amemaliza shule, na anapiga fidla.

Onyo: usiwahamishie vichimbakazi hawa Tanga au Lamu kwa kuwabadilisha majina tu. Mwambao una majini na pepo wake, wenye nafasi yao katika dini na katika uganga, na msomaji wa mwambao atatambua mara moja kwamba umemvika jini koti la kuazima. Hata hivyo, unalo jambo moja la kujivunia kutoka nyumbani: katika ngoma za pepo, kila kabila la pepo lina nyimbo na mapigo yake, na pepo haitikii ngoma isiyo yake. Aliyekulia karibu na jambo hilo anaelewa, bila kufundishwa, jinsi wimbo unavyoweza kuwa mlango.

2. Andika sheria za vichimbakazi kabla ya kuandika sura ya kwanza.

Sheria tano au sita zinatosha, na nyingi zimekwisha kuwekwa na jadi. Anayekula au kunywa kwao hushindwa kurudi. Chuma huwafukuza. Wakati wao hauendi sawa na wetu: shujaa Oisín alidhani amekaa Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele, miaka michache, kumbe imepita miaka 300, na alipoanguka kutoka juu ya farasi na kugusa ardhi akazeeka papo hapo. Mipaka hulegea usiku wa Samhain, yaani 31 Oktoba kuamkia 1 Novemba, na siku ya Bealtaine, 1 Mei. Mwisho, wazee hawawataji kwa jina lao. Husema "Watu Wema", kwa heshima na kwa hofu. Katika mazungumzo yako, mzee wa kijiji aseme hivyo hivyo, na kijana asiyejua adabu ndiye awataje waziwazi.

Sheria inayohusu muziki iandikwe peke yake kwenye ukurasa wake. Ipo hadithi ya Knockgrafton, katika jimbo la Tipperary, iliyochapishwa mwaka 1825, inayoifundisha sheria hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote. Mtu mmoja mwenye kibiongo, aliyeitwa Lusmore, aliketi usiku kando ya kilima akawasikia vichimbakazi wakiimba ndani yake: Jumatatu, Jumanne, Jumatatu, Jumanne, bila kikomo. Alisubiri wanyamaze kidogo, akaupokea wimbo kwa sauti yao wenyewe na kuongeza: na Jumatano. Walifurahi mno hata wakamwondolea kibiongo. Mwenzake mwenye kibiongo aliposikia habari hizo akaenda naye, lakini hakusubiri wala hakuyajali mahadhi. Alipayuka katikati ya wimbo siku nyingine zaidi, nao wakampachika kibiongo cha Lusmore juu ya chake.

Tazama kilichompatia Lusmore tuzo. Hakuwa na sauti nzuri kuliko watu wote. Alisikiliza, akangoja nafasi, na akaongeza kitu kilichokuwa kinapungua. Hiyo ndiyo adabu ya muziki na ndiyo adabu ya mapenzi, na riwaya yako inaweza kujengwa juu yake yote.

3. Chagua ala kwa sababu, na uijue kwa mikono.

Waanzao wengi humpa mhusika ala inayopendeza kuitamka, kisha huisahau. Wewe jiulize ala hiyo imetengenezwa kwa nini, kwa sababu vichimbakazi hawagusi chuma. Fidla nyingi za siku hizi zina nyuzi za chuma cha pua. Za zamani zilikuwa na nyuzi za utumbo wa mnyama. Kinubi cha kale cha Ayalandi kilifungwa nyuzi za shaba na kupigwa kwa kucha ndefu. Filimbi ya bati ya asili ni chuma kilichopakwa bati. Zumari za mfuko za Ayalandi hujazwa upepo kwa mvukuto unaobanwa chini ya kiwiko, hivyo mpigaji anaweza kuzungumza huku akipiga, jambo ambalo mpiga filimbi hawezi kamwe.

Kila kimojawapo cha vitu hivyo ni tukio linalosubiri kuandikwa. Katika mfano wetu, Róisín anakutana ndani ya kilima na kijana mpiga zumari aitwaye Donal, ambaye anamwonya kwa maneno ya chini bila kukatisha wimbo, huku malkia wa vichimbakazi akidhani anapiga tu. Baadaye Róisín, kwa kutokujua, anampa filimbi yake ya bati. Vichimbakazi wote wanarudi nyuma. Donal anaipokea, anaipangusa kwa kiganja, anaitazama. Hapo ndipo msichana anapojua kwamba aliye mbele yake ni binadamu aliyechukuliwa. Hakuna aliyemweleza; ala ndiyo iliyoeleza.

4. Wajenge wapenzi wawili kwa uangalifu wa umri na wa hiari.

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake halina njia ya mkato. Kiumbe mwenye miaka 300 anayempenda msichana wa sekondari ni jambo lisilofaa kwa vijana, hata kama uso wake haujakunjamana. Jadi yenyewe inatoa suluhisho. Tam Lin, katika wimbo-simulizi wa Uskoti unaoitwa kwa jina lake, alikuwa binadamu aliyetekwa na malkia wa vichimbakazi. Fanya hivyo. Donal alichukuliwa mwaka 1963 akiwa na miaka 18. Kwake yeye umepita usiku mmoja wa ngoma, ilhali nje imepita miaka 60. Kwa akili na kwa umri alioishi, yeye na Róisín ni marika.

Uamuzi huo unakuletea pia huzuni ambayo usingeweza kuibuni kirahisi. Mama yake Donal amekwisha kufa. Dada yake, aliyekuwa na miaka 12, sasa ni bibi wa miaka 72 anayefundisha konsatina kijijini, na ndiye mwalimu wa Róisín. Mwite Bibi Nóra, na wanafunzi wamwamkie kwa heshima.

Mapenzi yenyewe yasizidi yale ambayo mwalimu wa shule anaweza kuyasoma mbele ya darasa: maneno, ukimya, mkono kushikwa, busu moja lililongojewa kwa muda mrefu. Vilevile uchawi usiwe ndio uliomfanya mmoja ampende mwenzake. Ikiwa wimbo umemlazimisha Róisín kupenda, msomaji ana haki ya kukifunga kitabu. Wimbo uwakutanishe, kupenda wapende wenyewe, kila mmoja akiwa na nafasi ya kukataa.

5. Tumia umbo la wimbo kuwa umbo la kisa.

Nadharia ya muziki unayoihitaji ni ndogo tu. Nyimbo nyingi za kucheza za Ayalandi zina sehemu mbili, kila moja ikiwa na hatua nane (hatua ni fungu dogo la mapigo), na kila sehemu hurudiwa mara mbili, hivyo mzunguko mmoja hufikia hatua 32. Sehemu ya pili mara nyingi hupanda juu zaidi. Zile ziitwazo jigi huenda kwa mapigo sita, ziitwazo rili kwa mapigo manne, na zile za polepole hazina mapigo ya kufungwa; mpigaji huzivuta kama pumzi yake inavyotaka.

Sasa weka pengo ndani ya umbo hilo. Kijiji cha Róisín kina jigi moja ambayo kila mtu anaijua sehemu ya kwanza tu. Bibi Nóra ndiye aliyeieneza, na kila anapofika mwisho wa sehemu hiyo huiweka konsatina magotini na kunyamaza, kwa sababu kaka yake alikuwa amemwahidi kumfundisha iliyobaki kesho yake, na kesho hiyo hakurudi. Róisín anaitafuta sehemu ya pili, na kuitafuta ndiko kunakompeleka kilimani. Nusu ya kwanza ya riwaya iwe sehemu ya kwanza ya wimbo. Anapoisikia sehemu ya pili ikitoka kwenye zumari za Donal, riwaya nayo ipande.

Kwa mpangilio wa hisia, jadi ina kipimo kizuri. Dagda, mmoja wa miungu ya kale ya Ayalandi, alipokirudisha kinubi chake kutoka kwa maadui alipiga aina tatu za muziki: wa kuliza, wa kuchekesha na wa kulaza, na jeshi zima likapitiwa na usingizi. Hakikisha kila theluthi ya kitabu chako ina muziki wa aina mojawapo, na wa kulaza uuweke pale unapotaka wapenzi waponyoke.

Maneno 60,000 hadi 80,000 yanatosha kwa kisa cha ukubwa huu.

6. Andika muziki kupitia kwa miili ya watu.

Hapa ndipo miswada mingi inapoanguka. Mwandishi huandika: "Aliupiga wimbo mtamu sana, uliogusa mioyo ya wote waliokuwepo." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na haina wimbo. Linganisha na hii: "Kidole chake cha tatu kilichelewa kuushukia uzi, sauti ikaning'inia, na mzee aliyekuwa akiinua kikombe akakisahau hewani." Katika sentensi ya pili msomaji hakuambiwa kwamba wimbo ni mtamu, lakini ameuona ukimshika mtu.

Kwa kila kipande cha muziki, jibu maswali haya kabla ya kuandika: Mkono unafanya nini? Nani anasikiliza, na mwili wake unabadilika vipi? Kuna kosa gani katika upigaji? Wimbo unapokwisha, kitu gani katika chumba si kile kilichokuwa mwanzoni? Swali la kosa lisirukwe. Upinde unaokwaruza, uzi unaolegea kwa unyevu wa bahari, pumzi inayokatika kabla ya wakati: hayo ndiyo yanayomwaminisha msomaji kwamba ala ipo kweli.

Muziki wa vichimbakazi uandikwe kwa kupunguza. Katika visiwa vya Blasket, nje ya pwani ya Kerry, upo wimbo wa polepole ambao wenyeji walisimulia kuwa uliokotwa kwa vichimbakazi usiku, juu ya bahari; wako wanaodhani kwamba kilichosikika ni nyangumi, sauti zao zikipenya ubavu mwembamba wa mashua ya turubai. Watu wa mwisho waliondoka kisiwa kikubwa mwaka 1953, lakini wimbo bado unapigwa. Ukielezea sauti inayokuja hafifu kutoka chini ya maji hadi kwenye mbao ambazo mtu amezikalia, umeeleza ya kutosha. Usiongeze nyota, wala maua, wala machozi ya fedha.

Maneno ya kazi unayo tayari katika Kiswahili: mahadhi, mapigo, uzi, upinde, kiitikio, kughani, kuvuta, kukoleza, kupokea wimbo. Yatumie haya, nawe utaona jinsi sentensi inavyotulia.

7. Jaribio la mwisho liwe la muziki.

Katika kisa cha Tam Lin, Janet anamngoja mpenzi wake huko Carterhaugh usiku wa Samhain, anamvuta kutoka juu ya farasi mweupe, na kumkumbatia huku vichimbakazi wakimgeuza nyoka, simba, na hatimaye kitu cha moto mikononi mwake. Kazi yake ni moja: asimwachie. Hilo ni miongoni mwa majaribio makubwa ya mapenzi katika jadi yote ya Ulaya, nawe usilinakili. Lichukue wazo la kutokuachia, ulipeleke kwenye ala.

Kwa mfano wetu: malkia anakubali Donal aondoke iwapo Róisín ataipiga jigi nzima, sehemu zote mbili, bila kuipoteza, huku wanamuziki wa kilimani wakiigeuza. Wanaiharakisha ikawa rili. Wanaivuta ikawa ya maombolezo. Wanaipandisha hadi vidole vyake havina tena mahali pa kwenda kwenye uzi. Yeye anashikilia. Halafu wananyamaza wote, na ukimya huo ndio mgumu kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu sasa hana wa kumfuata. Je, ataongeza nini? Kumbuka Lusmore. Uamuzi wa sentensi hiyo ni wako, lakini uwe umeuandaa tangu sura za mwanzo, katika jambo dogo alilofundishwa na Bibi Nóra.

Onyo: ushindi uwe na bei. Katika wimbo-simulizi wa Thomas the Rhymer, wa Vilima vya Eildon huko Uskoti, Thomas alirudi kutoka kwa vichimbakazi baada ya miaka saba akiwa na ulimi usioweza kusema uongo. Róisín naye alipe kitu, tena kitu cha muziki. Bei isiyouma ni mapambo.

8. Soma mswada wote kwa sauti, mbele ya mtu anayepiga ala.

Atakuonyesha mahali ulipomfanya mhusika apige kwa mikono mitatu. Sahihisha hapo hapo.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Kijana wa kilimani hana uhai, ni mzuri tu.* Mpe ujuzi mmoja na upungufu mmoja. Donal ni fundi wa zumari, lakini hajui lolote lililotokea baada ya mwaka 1963, na anaona aibu kuuliza.

*Katikati ya kitabu pamelegea.* Mara nyingi sababu ni kwamba Róisín anaingia na kutoka kilimani bila gharama. Kila ziara imnyang'anye kitu: siku tatu za nje, kumbukumbu ya wimbo fulani, imani ya mama yake. Punguza idadi ya ziara hadi tatu na uzifanye nzito.

*Msomaji anauliza kwa nini hawakutoroka tu.* Rudi kwenye daftari la sheria. Ikiwa sheria ipo lakini haikuonekana kabla ya sura ya kumi, isogeze hadi sura ya pili, kinywani mwa Bibi Nóra, katikati ya mazungumzo yanayohusu jambo jingine.

*Mazungumzo yanasikika kama tafsiri.* Andika salamu na maamkizi kwanza. Kijana wa Kiayalandi anayezungumza na bibi wa miaka 72 katika Kiswahili chako ataamkia, atasubiri aitikiwe, ndipo aseme shida yake. Ukishaipata adabu hiyo, sentensi zinazofuata hujipanga zenyewe.

*Mzazi au mhariri anahofia kwamba kitabu kinafundisha ushirikina.* Mweleze kwamba ni hadithi ya jadi ya taifa jingine, kisha ukague mswada uone kama umeweka mahali popote maelekezo ya kuita viumbe, maneno ya kuagulia, au sadaka. Hayo hayahitajiki katika kisa hiki na yaondolewe. Kinachofungua kilima ni wimbo unaojifunzwa kwa jasho, na mhariri akisoma sura ya tatu, Róisín akirudia hatua zile zile nane mpaka ncha za vidole zimevimba, atakuwa na jambo jingine la kukuuliza: sura ya nne iko wapi. Uwe nayo tayari.